Kivuli Kimefika Mapema

Mlango wa chuma wa bekari ulipofungwa kwa kishindo, kama kila siku saa sita mchana, nilikuwa nimeshachuchumaa kando ya tuta, mwanangu Chiriku mgongoni, macho kwenye kigingi. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimekifikia. Tena si kukifikia tu; kilikilalia na kukivuka kwa upana wa kidole.

"Haiwezekani," nikasema.

"Kani," akajibu Chiriku. Ana mwaka mmoja na nusu, na kila neno analolisikia hulirudisha mkia tu.

Nikahesabu tena kwa vidole. Kwa hesabu zangu kivuli kilipaswa kukigusa kigingi baada ya wiki tatu, labda na siku mbili tatu juu yake. Nikaweka kiganja kwenye udongo, nikakiondoa upesi. Ulikuwa wa moto kama bamba la mlango lililoshinda juani.

Bustani yenyewe ni ya mama mkwe wangu. Iko nyuma ya nyumba, imebanwa kati ya ukuta wetu na ukuta wa bekari, ukubwa wa vitanda vitano vikisogezwa pamoja. Amelima humo spinachi, karoti na giligilani, lakini mtaa mzima unamjua kwa kitu kimoja: liki, vile vitunguu virefu visivyo na kichwa, shina jeupe chini, majani mapana juu kama mikanda. Wanamwita Mama Liki mpaka leo, ingawa ni zaidi ya mwaka hajakanyaga bustani. Aliteleza kwenye ngazi, nyonga ikavunjika, na tangu hapo dunia yake ni chumba cha ghorofani: kitanda, kiti cha mikono, na dirisha linalotazama barabarani. Bustani iko upande wa pili. Haioni.

Kigingi alikipigilia yeye, miaka ishirini iliyopita. Joto linapoanza kuondoka, jua huinama nyuma ya bekari na kivuli cha ukuta hurefuka kila siku kidogo kidogo. Siku kinapokigusa kigingi, mlango wa bekari ukifungwa, ndiyo siku ya kusia liki. Si jana yake wala kesho yake. Ukiwahi, udongo bado una moto na mbegu inagoma kuota. Ukichelewa, baridi inaikuta miche ingali kama nyuzi, na unavuna vitu vyembamba kama penseli.

Na mbegu zake hazinunuliwi popote. Kila msimu huacha mashina machache yaliyo bora kuliko yote yachanue, akakausha maua yake, akapukuchua punje nyeusi zenye pembepembe na kuzitia kwenye kopo la peremende za kikohozi. Za kwanza alipewa na mama yake mzazi, zimefungwa kwenye ncha ya kitambaa cha kichwani, siku alipoolewa. Shida ya mbegu ya liki ni kwamba haijui kusubiri. Mwaka wa kwanza huota karibu zote, wa pili nusu, baada ya hapo unamwagilia udongo mtupu. Msimu uliopita hakusia mtu. Mama alikuwa amelazwa, na mimi nilishinda hospitalini na mtoto wa miezi sita mgongoni. Zilizobaki kwenye kopo zilikuwa zinaumaliza mwaka wao wa pili. Ama zingeota msimu huu, ama mbegu ya mama yake ingeishia mikononi mwangu mimi, niliyekuja nyumba hii juzi tu.

Nikapanda ngazi.

"Kivuli kimefika wapi?" Mama aliuliza kabla sijavuka kizingiti. Hiyo ndiyo salamu yake ya mchana.

Ningeweza kusema "bado", na ulimi ulikuwa tayari kusema hivyo. Lakini alikuwa ameketi wima, mikono magotini, kama mtoto anayesubiri kuvishwa nguo mpya.

"Kimegusa, Mama."

Alifumba macho, akavuta pumzi. "Mapema mwaka huu."

"Mapema mno. Na udongo ni wa moto, Mama. Mwalimu wetu wa kilimo pale masomo ya jioni alituambia mbegu ya liki ikikuta joto inalala, na ikiwa ya zamani, ikilala haiamki."

"Mwalimu wako ana tuta?"

"Hana. Ana ubao."

"Ehe." Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mwanangu, kivuli hakijanidanganya miaka ishirini. Daftari lako la darasani lina umri gani?"

"Miaka miwili, Mama."

"Liache likue kwanza." Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kopo, akaliweka kiganjani mwangu na kukifunga kiganja kwa mikono yake yote miwili. "Usimwage kama chumvi. Punje moja moja, kina cha ukucha. Ukimaliza uje uniambie, maana sitakula mpaka nisikie."

Nilishuka na kopo. Nilisimama juu ya tuta nikiwa nimelifungua, nikalifunga, nikalifungua tena. Nikajaribu udongo pembeni, nikajaribu katikati. Moto. Chiriku akaanza kunivuta nywele. Nikachota maji, nikalilowesha tuta lote mpaka likang'aa, nikapanda juu na mikono yenye tope.

"Nimesia, Mama."

"Zote?"

"Zote."

Alikula sahani yote, akaongezwa. Kopo nililificha kwenye kikapu cha nepi, chini kabisa, mahali ambapo mwanamume hawezi kutia mkono hata nyumba ikiungua.

Mtu anayesema uongo mmoja anadhani amemaliza kazi. Asubuhi iliyofuata nilikuwa sijakaa sawa, Mama akaita kutoka juu, "Mbona sijasikia maji?" Bomba la bustani linapita ukutani karibu na kitanda chake, likifunguliwa linavuma. Basi nikashuka kumwagilia. Kila asubuhi na kila alasiri nilimwagilia tuta lisilo na kitu, kwa uangalifu, kwa ndoo yenye matundu madogo, nisije nikaziumiza mbegu zilizokuwa ndani ya nepi. Nikipika nilijikuta nimetoka jikoni na mwiko mkononi kwenda kupima udongo. Jioni darasani mwalimu alikuwa ubaoni na hesabu za vipeuo, na mimi ukingoni mwa daftari nimeandika "moto bado" mara nne.

Mume wangu ni fundi bomba. Nilimwambia siku ya tatu, alipokuwa ananawa.

"Mwambie tu," akasema.

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Aa! Mimi?" Akajifuta uso polepole sana ili asinitazame. "Mke wangu, unajua bomba likibanwa pande mbili hufanya nini? Hupasuka katikati. Mimi ndiyo hiyo katikati."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakwenda kwenye kazi ya watu, kuna choo kinavuja." Akaondoka na taulo shingoni.

Siku ya tisa alikuja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ni fundi cherehani, ulimi wake umenolewa kuliko mkasi wake. Alimsalimia mama yake juu, akashuka moja kwa moja bustanini, pini mbili zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Alilizunguka tuta. Akainama. Akanitazama.

"Wifi, umesia au umeombea?"

"Nimesia."

"Mistari iko wapi?"

"Maji yameisawazisha."

"Maji gani hayo, ya gharika?" Akachuchumaa karibu yangu, akashusha sauti. "Nimekua kwenye tuta hili. Nimechapwa kwa ajili ya tuta hili. Mtu akisia liki huacha mistari, mikwaruzo, angalau alama ya kidole. Hapa hajapita hata kuku. Ziko wapi?"

Nikamwambia. Nilidhani angecheka, lakini hakucheka.

"Kumbe umemdanganya Mama Liki kuhusu liki," akasema. "Wewe mwembamba hivyo, roho hiyo umeiweka wapi?"

"Udongo wa moto, wifi. Weka mkono."

Akauweka, akauondoa. "Kweli. Lakini kivuli si kimefika?" Akakitazama kigingi, akafuata kivuli kwa macho mpaka chini ya ukuta, kisha akapanda nacho juu. "Hee! Ukuta huu ulikuwa hivi?"

Nikainua kichwa. Miezi yote hiyo nilikuwa nikitazama chini, kwenye kigingi. Ukuta wa bekari ulikuwa wa tofali nyekundu zilizochakaa, na juu yake, safi kabisa, mistari minne ya tofali za saruji. Nikakumbuka. Wakati ule wa hospitali nilikuwa nikipita uani na beseni la nguo, nikisikia mafundi wakigonga ng'ambo, wakiimba. Sikuinua kichwa. Nani angeinua kichwa kwa ajili ya nyundo ya jirani?

"Mistari minne," wifi akasema. "Kivuli hakikufika mapema. Kimerefushwa."

Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Sikuwa mkaidi, wala daftari halikunipotosha. Nikamshika wifi mkono. "Twende tukamwambie."

"Twende? Mimi nina gauni la bibi harusi linanisubiri mkono mmoja." Akainuka, akajipangusa. "Mimi sisemi, wifi, nakuapia. Lakini fanya haraka. Mama yangu hatembei tena, ila akishika kitu cha bustani, kinamwambia siri zake zote."

Nilipanda ngazi na ukweli siku ile, nikashuka nao. Mama alikuwa anamwimbia Chiriku mapajani, anamwonyesha kwa vidole jinsi mche wa liki unavyotoka udongoni umejikunja kama goti. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa na maumivu. Kesho kutwa nilikuwa na mtihani. Uongo wa siku moja mtu anaweza kuuita woga, lakini wa siku kumi na mbili sikujua nitauitaje.

"Zimechungulia?" alikuwa akiuliza.

"Bado, Mama."

Siku ya kumi na tatu. "Zimechungulia?" Siku ya kumi na tano. Siku ya kumi na sita hakuuliza. Nilimpelekea chakula, akala vijiko viwili. Siku ya kumi na saba kimoja. Siku ya kumi na nane akaisogeza sahani kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayesogeza paka.

"Zimekufa," akasema.

"Mama, labda zimechelewa tu."

"Usinibembeleze. Siku kumi na nane na maji ya kila siku, nayasikia mwenyewe." Alikuwa anatazama barabarani, ambako hakukuwa na kitu. "Ningewaambia mwaka jana mzisie, hata vibaya. Nilikuwa najifikiria mguu tu. Nimeanguka kwenye ngazi, nimeangusha na mbegu za mama yangu."

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Akawahi yeye.

"Niletee udongo. Kiganja kimoja, katikati ya tuta. Mbegu iliyooza unaiponda kwa ukucha, inatoka maji. Iliyolala tu inabaki ngumu. Nataka nijue zangu zimeoza au zimelala. Nikijua nitatulia."

Nikashuka mbio. Sijui kwa nini nilikimbia. Nilichota udongo kwenye bakuli, nikasimama nikiutazama. Angeupekua wote kwa vidole vile na asikute hata punje moja, aulize, na mimi niwe nimesimama mbele yake. Nikaingia chumbani kwetu, nikachimbua kikapu cha nepi, nikatoa punje tatu. Tatu tu. Nilizichomeka kwenye udongo wa bakuli, nikafunika kwa kidole, nikajiambia: atazikuta ngumu, atajua zimelala, atakula. Kisha nitasia siku ikifika, ziote, na hakuna atakayeumia. Katika maisha yangu yote sijawahi kupanga jambo kwa haraka hivyo, na lilinipendeza mpaka niliposhika mpini wa mlango wake.

Alimwaga udongo kwenye gazeti mapajani. Akaupapasa kwa ncha za vidole, macho hayakuwapo, yalikuwa dirishani. Akaikuta ya kwanza. Akaiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaikuta ya pili. Akaitia mdomoni, akaigusa kwa ulimi, akaitoa.

Chiriku alikuwa sakafuni anagonga kifuniko cha sufuria. Nilitamani agonge kwa nguvu zaidi.

"Kavu," Mama akasema. "Inateleza. Bado ina mng'ao wa kopo." Akanigeukia. "Hizi hazijalala kwenye udongo hata usiku mmoja, mama Chiriku."

Hajawahi kuniita hivyo. Huniita mwanangu.

Nilipiga magoti kando ya kiti. Nikamwambia yote: moto wa udongo, kopo kwenye nepi, maji ya bure, punje tatu. Nilisema vibaya, mwisho ulitangulia mwanzo. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye ukuta nikasema, "Wameupandisha, Mama. Tofali nne. Ulipokuwa hospitalini. Kigingi ni kilekile ila ukuta si uleule."

"Siku kumi na nane," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Siku kumi na nane nimezilia mbegu zilizo hai, na wewe unanipakulia chakula."

"Ndiyo."

Akatoa sauti ambayo nilidhani ni kilio, kumbe alikuwa anacheka, lakini si kicheko cha kunisamehe. "Umemwagilia tuta tupu siku kumi na nane?"

"Asubuhi na alasiri."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Nishusheni."

"Mama, ngazi..."

"Nimesema nishusheni! Nimekaa humu natabiri kama mganga, huku ukuta unaota bila mimi. Mwite mumeo. Na yule mwenye bekari naye aje, ana deni la maelezo."

Walimshusha kwenye kiti cha mikono, mume wangu mbele, mwenye bekari, yule mwoka mikate, nyuma, mweupe kwa unga mpaka kope. Mimi nilitangulia na Chiriku, nikihesabu ngazi kwa sauti kama anayefundisha watu kushuka. Kila kona Mama aliwapigia kelele. "Kushoto! Wewe, nilikuzaa uwe fundi bomba, si fundi wa kuua wazee!"

Wakamweka kando ya tuta. Hakutazama tuta. Alitazama juu.

"Tofali nne," akasema.

"Mama Liki, upepo ulikuwa unatupulizia majivu kwenye unga," mwoka mikate akasema, kofia mkononi. "Mikate inatoka na madoa. Ningekuambia, lakini ulikuwa umelazwa, na... nani anaomba ruhusa ya kivuli?"

"Umenifupishia kiangazi wiki tatu, wewe mtu."

"Nisamehe, Mama. Nishushe ukuta?"

"Na majivu yarudi kwenye mkate ninaokula asubuhi? Uache." Akavuta pumzi. "Haya, nenda kwenye tanuri lako."

Mume wangu naye akajiondokea, akisingizia choo kilekile. Tukabaki watatu. Mama aliomba nimsaidie kuinama, akaweka kiganja kwenye udongo. Akakiacha hapo. Akakihamisha. Nikaona uso wake ukibadilika, ule uso unaojua kila kitu ukaanza kutafuta.

"Sisikii," akasema.

"Husikii nini?"

"Kama ni moto au ni baridi. Kiganja changu ni gamba. Miaka hamsini ya jembe." Akajiegemeza kitini. "Sijawahi kupima udongo. Sikuhitaji. Nilikuwa na kivuli." "Basi sijui, mwanangu. Mimi sijui siku."

Ningefurahi, labda, wiki tatu nyuma. Sasa nilitaka mtu ajue zaidi yangu. Nikaweka kiganja changu: si moto kama mwanzo, lakini je, umepoa vya kutosha? Kiganja kinazoea upesi. Daftari lilisema "udongo uwe na ubaridi wa wastani", maneno mazuri ubaoni, lakini ukiwa umechuchumaa hayana maana yoyote. Chiriku alikuwa amejipaka tope mpaka masikioni, nikawaza kuwa itabidi nimwogeshe, na bila kufikiri nikakunja mkono, nikatia kiwiko kwenye udongo.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Napima kama maji yake. Kiganja kinadanganya, kiwiko hakidanganyi. Kwa kiwiko najua kabisa maji haya nimtie, au niongeze ya moto, au nisubiri." Nikatulia, nikisikiliza kwa ngozi. "Huu wa leo ni sawasawa na maji ya kumwogeshea. Ningemtia."

Macho ya Mama yakanishukia. "Na liki?"

"Liki zinataka chini ya hapo. Zinataka siku ambayo ningesema, haya yamepoa, mtoto ataugua kifua, ongeza ya moto."

"Hilo umelitoa kwenye daftari?"

"Hapana, Mama. Nimelitoa hapa hapa."

Akatoa mkono, nikadhani anataka nimwinue, kumbe alikuwa ananipa punje zile tatu, zenye tope. "Zirudishe kwa wenzao. Utaniambia siku. Na ukinidanganya tena nitakufukia humo wewe, kina cha ukucha."

Alianza kula siku ile. Mimi ndiye niliyeacha.

Kila mchana nilikwenda kutia kiwiko. Siku ya kwanza, sawa na maji ya mtoto. Ya pili, sawa. Ya tatu likapiga jua la ghafla, udongo ukapanda tena, nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na kama nimekosea? Na kama punje zinakufa moja moja kwenye kopo huku mimi napima? Siku ya nne upepo uligeuka. Siku ya tano nikatia kiwiko, nikasema kwa sauti, "Ongeza ya moto," na Chiriku akasema, "Moto," neno zima, mara yake ya kwanza.

Nilisia mchana ule, Mama kitini kando yangu, maana tangu siku ile alikataa kurudi juu kabla ya alasiri. Punje moja moja, kina cha ukucha. Mara zikaanguka mbili mahali pamoja, akagonga kiti. "Moja!" Nilipofika mwisho wa mstari wa mwisho kopo lilikuwa tupu, na sikuwa na uongo wowote wa kujifunika. Zote zilikuwa chini.

Kisha kusubiri, ambako sasa kulikuwa kwa kweli. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Mama hakuuliza "zimechungulia", kwa kuwa alikuwa anaona kama mimi ninavyoona: udongo. Tulikaa tukigombana kwa vitu vidogo. Nikitaka kukwaruza kidogo tu nitazame, ananipiga mkono. Yeye akitaka maji zaidi, namficha ndoo. Wifi alikuja na gauni la bibi harusi begani, akatuangalia, akasema, "Nyie wawili mnatazama udongo kama watu wanaotazama televisheni iliyozimika," akaenda zake.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye njia, shavu karibu na tuta, maana ukitazama kwa juu huoni kitu. Ni lazima utazame kwa pembeni, mwanga ukitokea upande wa pili. Palikuwa na kitu. Kijani, chembamba kama uzi wa wifi, kimejikunja, kichwa bado kimezama udongoni.

"Mama."

"Nini? Usinitishe."

"Goti."

Alishika mikono ya kiti kwa nguvu mpaka nikaogopa atasimama. "Moja?"

"Moja. Subiri. Mawili. Hapa kuna... Mama, upande huu yako mengi." Nilikuwa nasema na kulia na kupumua juu yake. "Mstari wa pili hauna kitu. Mstari wa pili mzima hauna kitu."

"Achana na mstari wa pili. Yaliyotoka ni mangapi?"

"Kumi na tisa. Ishirini na... lile ni jani la nyasi. Hapana, si nyasi. Thelathini na moja."

"Ya kuachia mbegu yanatosha saba," akasema. "Saba yanatosha. Hayo mengine tutakula, au yafe, yakitaka. Hesabu tena."

"Thelathini na moja, Mama."

"Hesabu tena, na usitumie kidole, utayavunja."

Nikaweka mikono mgongoni, nikaanza upya kutoka mwanzo wa mstari kwa ncha ya pua.